Ulimi Unapogoma: Mafunzo Niliyopata kwa Kuzungumza Kiingereza

Kizazi changu Tanzania kilisoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo tu. Tukaingia kidato cha kwanza, na karibu kila somo likageuka kuwa la Kiingereza. Hofu iliyonipata pale nilikwenda nayo hadi kazini. Haya ndiyo niliyojifunza katika kupambana nayo.

1. Maneno hayajapotea

Kikao kinaisha, unapanda daladala, na kabla hujafika kituo cha pili sentensi iliyokukwama mbele ya meneja inakujia nzima, na sarufi yake. Basi ilikuwepo. Sehemu ya kumbukumbu tunayoitumia kupanga maneno papo hapo ni finyu. Ikishajaa maswali kama "wamenionaje?" na "hapo nimekosea?", sentensi yenyewe inakosa nafasi. Nilipolielewa hili niliacha kujiona mjinga, na mazoezi yakaanza kunifaa.

2. Jiulize unamwogopa nani

Mwaka 1986 Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope walichapisha kipimo chenye kauli 33 cha kupima hofu ya mwanafunzi katika darasa la lugha ya kigeni. Waliihusisha hofu hiyo na mambo matatu: woga wa kuwasiliana, woga wa mtihani, na woga wa kuhukumiwa vibaya na watu. Langu lilikuwa la tatu. Na mgeni kutoka Uholanzi au India niliongea bila shida. Akiingia Mtanzania mwenzangu aliyesoma shule za mchepuo wa Kiingereza, koo lilikauka.

Wengi niliozungumza nao wanasema hivyo hivyo, na sishangai. Shuleni aliyekosea matamshi alizomewa, na aliyekutwa akiongea Kiswahili aliandikwa jina au kuvishwa kibao shingoni. Mtoto aliyezibwa mdomo kwa lugha zote mbili atajifunzaje kusema? Bado tunasambaziana video za watu wakikosea Kiingereza ili tuwacheke. Huo ni ukatili, na unawanyamazisha watu wenye mengi ya kutufaa. Mimi siku hizi sizisambazi, na anayeniletea namwambia sababu.

3. Andaa sentensi ya kwanza tu

Ukikariri maelezo yote, neno moja likikuponyoka yote yanaporomoka. Naandika sentensi ya kufungulia na takwimu za ripoti, basi. Pia nachangia mapema, hata kama ni kwa swali fupi, maana kila dakika ninayosubiri zamu yangu moyo unazidi kwenda mbio.

4. Jifunze kulizunguka neno

Zoezi lililonisaidia kuliko yote nililifanyia jikoni. Nilichagua kitu, nikakieleza kwa Kiingereza bila kukitaja: kinu, mwiko, kipekecho. Mbuzi ya nazi ilinitoa jasho: kiti kifupi cha mbao, chenye chuma cha meno mbele, unakikalia huku ukikuna nazi. Mwenye kuweza kueleza hayo hawezi kukwama kikaoni kwa kusahau neno moja la kihasibu. Ataeleza kazi ya kitu hicho, na mara nyingi msikilizaji ndiye atakayemtajia jina lake.

5. Sauti itoke

Kusoma kimyakimya hakuuzoezi ulimi. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, mkubaliane kuongea wakati wa chai, na asikukatize kwa kila kosa. Akusubiri umalize, kisha akurekebishe machache.

6. Anayeongoza kikao ana sehemu yake

Hofu yangu imepungua, haijaisha, na ilipungua zaidi nilipopata kiongozi aliyetuma ajenda siku moja kabla, akamwacha mtu anyamaze kidogo atafute neno, na akaruhusu hoja ianzie kwa Kiswahili pale ilipokwama. Mafundi na madereva waliokuwa hawafungui mdomo wakaanza kueleza kasoro za mashine na barabara wanazozijua kuliko sisi wa ofisini. Kama wewe ndiye mwenyekiti, anza na hilo la ajenda. Halina gharama yoyote.