Somo: Ni nani anayetuma barua kwa jina la shirika letu?



Sisi tunaofanya kazi ya amani tunategemea kuaminiwa. Tunapowaalika wakuu wa vijiji, akina mama na vijana wa pande mbili kwenye mazungumzo, wanakuja kwa sababu wanalijua jina la shirika. Je, ikitokea barua pepe yenye anwani yetu, ikisema kwamba mkutano umefutwa au kwamba tunaunga mkono upande mmoja? Kabla hatujaikanusha, uvumi umekwisha kufika sokoni. Katika somo hili tutajifunza namna ya kusoma ripoti zinazoonyesha ni nani anayetumia jina letu.

Kwa nini jambo hili linawezekana?

Kanuni za kwanza za barua pepe hazikumdai mtumaji athibitishe jina lake. Ni kama bahasha: mtu yeyote anaweza kuandika nyuma yake jina analotaka. Kwa hiyo ziliongezwa njia tatu za kulinda domeni, yaani jina linalofuata alama ya @.

- SPF ni orodha ya seva tulizozipa ruhusa ya kutuma barua zetu.
- DKIM ni muhuri wa siri unaobandikwa kwenye kila barua. Barua ikibadilishwa njiani, muhuri unavunjika.
- DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, inaangalia kama jina lililothibitishwa na SPF au DKIM linalingana na jina ambalo msomaji analiona kama mtumaji. Moja kati ya hizo mbili ikikubali na kulingana, barua imepita.

DMARC pia inaziomba seva zinazopokea barua zitutumie ripoti. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawadai DMARC wanaotuma barua kwa wingi; kwa Gmail ni kuanzia barua 5,000 kwa siku. Mashirika yetu mengi hayafikii hesabu hiyo, lakini mwigaji hachagui shirika kubwa tu.

Kupata ripoti

Mwombeni fundi anayetunza domeni yenu aweke kwenye rekodi za DNS, chini ya jina _dmarc, mstari kama huu:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@shirika.example

Maneno p=none yana maana: msizuie kitu, tuambieni tu mnachokiona. Anwani inayofuata rua ndiyo itakayopokea ripoti. Mara nyingi huja moja kwa siku kutoka kwa kila kampuni kubwa ya barua pepe, ndani ya faili iliyobanwa. Faili hiyo ni ya XML, na ni ngumu kuisoma kwa macho. Ziko programu za kuigeuza kuwa jedwali. Ripoti hizi hazina maneno ya barua zenyewe. Zinaonyesha namba ya seva iliyotuma, idadi ya barua, na matokeo ya SPF na DKIM.

Kusoma ripoti

Tuchukue mfano wa shirika moja la Bukavu. Ripoti yake ina mistari mitatu.

Wa kwanza: barua 240 kutoka kwa huduma ya barua pepe ya ofisi, zote zimepita. Hapa hakuna la kufanya.

Wa pili: barua 55 kutoka kwa kampuni inayosambaza jarida la shirika. SPF imekubali, lakini kwa jina la kampuni ile, si la shirika. Kwa hiyo DMARC imekataa. Hizi ni barua zetu halali. Dawa ni kuiomba kampuni iweke muhuri wa DKIM wenye jina letu.

Wa tatu: barua 12 kutoka kwa seva isiyojulikana, zimekataliwa pande zote mbili. Kwanza tuwaulize wahasibu, ofisi ya Uvira na wafadhili: kuna mtu anayetumia huduma nyingine? Tukumbuke pia kwamba barua inayopitishwa kutoka sanduku moja hadi jingine hushindwa SPF, na muhuri ukivunjika njiani hushindwa DKIM pia. Wote wakikana na hakuna sababu nyingine, yaelekea ni mwigaji.

Kujibu bila kuwasha moto

Namba ya seva si jina la mtu wala la kabila. Seva inaweza kuwa nchi nyingine, au imetekwa bila mwenyewe kujua. Tusitangaze mshukiwa. Tuwaarifu washirika kwa simu kwamba kuna barua za uongo, na tuhifadhi ripoti.

Kisha tufunge mlango hatua kwa hatua. Barua zetu zote halali zikishapita kwa wiki kadhaa, tuandike p=quarantine, ili za uongo ziwekwe kwenye barua taka; baadaye p=reject, ili zikataliwe. Haraka haraka haina baraka: tukianza na p=reject, mialiko yetu wenyewe inaweza kurudishwa. Lakini tukibaki na p=none miaka yote, tunamhesabu mwizi bila kumzuia.

DMARC haizuii jina linalofanana na letu kwa tofauti ya herufi moja, wala ujumbe wa uongo wa WhatsApp. Kwa hiyo kila badiliko la mkutano lithibitishwe kwa sauti, na mtu anayejulikana pande zote.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni huduma zipi zote zinazotuma barua kwa jina la shirika letu?
2. Ni nani atakayesoma ripoti kila wiki, na akisafiri nani atamshika mkono?
3. Barua ya uongo ikitokea leo, tutampigia nani simu wa kwanza katika kila upande?