Maji ya Mvua Ndani ya Motokaa

Motokaa nyingi kuukuu huvuja wakati wa masika. Mwenye gari hufungua mlango asubuhi, akakuta zulia la chini limelowa, naye hudhani ya kuwa maji yameingia pale pale alipoyaona. Mara nyingi sivyo. Maji huingia juu, penye ufa mwembamba kama uzi, yakafuata waya au ukingo wa bati, kisha yakadondoka mbali na tundu lake. Basi atafutaye mahali panapovuja hana budi kurudi nyuma katika njia ya maji, kutoka chini kwenda juu.

Mfano mzuri ni Land Rover ya zamani, motokaa ya Uingereza iliyoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, ikatumika sana katika Afrika ya Mashariki. Mabati yake mengi ni ya alumini, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu. Lakini ukuta ulio kati ya injini na watu ni wa chuma, na kutu hupenda kuanzia hapo miguuni, chini ya zulia, jicho lisipofika. Tena, alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Kwa hiyo tone dogo la kila siku si jambo la kupuuzwa: sakafu yaweza kutoboka kabla mwenyewe hajajua.

Katika nyingi za gari hizo, chini ya kioo cha mbele vipo vifuniko viwili vya kuingizia upepo. Kila kimoja kina ukanda wa mpira. Jua likiukausha mpira ukawa mgumu, maji hupita, yakaangukia miguu ya dereva, naye aulaumu mlango bure.

Kwanza fundi huyachunguza maji yenyewe. Yakiwa na rangi, na harufu tamu, na utelezi vidoleni, hayo si ya mvua. Yametoka katika rejeta kwa mabomba ya kupashia joto. Yakiwa ya mvua, huondoa zulia, hukausha kila mahali kwa kitambaa, kisha hutandika magazeti makavu. Mwanagenzi wake huketi ndani na kurunzi, milango imefungwa, na fundi humwaga maji nje polepole kwa mpira, pasipo nguvu.

“Mbona waanzia chini, Bwana Fundi, na mvua hutoka juu?”

“Nikianza juu, mwanangu, maji yatateremka na kupita kila tundu. Utajuaje ni lipi?”

Kila mahali hungoja dakika kadhaa, kwani maji ni mvivu wa safari, ndipo hupanda kidogo: mlango, vifuniko vya upepo, kioo, mwisho paa. Mwanagenzi aonapo gazeti limeanza kulowa hugonga bati, na fundi hutia alama ya chaki.

Wako wasiongoja hayo, wakapaka gundi kila penye tundu. Lakini matundu yaliyo chini ya mlango yamewekwa makusudi, ili maji yaliyoshuka kando ya kioo yapate pa kutokea. Yakizibwa, kwa gundi au kwa matope, mlango hujaa maji, yakamwagikia ndani. Dawa yake ni waya mwembamba wa kuzibulia, na ndoo ya kukinga maji machafu yatokayo.