Szentháromság na Utatu Mtakatifu: viambishi vya mwisho katika Kihungaria na Kiayalandi

Tulipohitaji neno la fumbo la Nafsi Tatu, tulichukua "tatu" tukaweka u- mbele: Utatu. Wahungaria walifanya kazi ileile mwishoni mwa neno. "Három" ni tatu. Ongeza -ság upate "háromság". Tanguliza "szent", yaani takatifu, nawe unayo "Szentháromság".

Kiambishi hiki -ság kina pacha wake, -ség, na msemaji hachagui apendavyo: irabu za shina ndizo zinazoamua. "Jó" (-ema) huzaa "jóság", wema. "Ember" (mtu) huzaa "emberség", utu. Tusishangae. Nasi husema pikia lakini somea, kwa sababu hiyohiyo ya irabu kupatana.

Tazama sasa kitenzi "teremt", umba. Teremtő ni Muumba, teremtés ni uumbaji, teremtmény ni kiumbe. Sisi hubadilisha zaidi kichwa cha neno. Wao hubadilisha mkia tu.

Kiayalandi ni cha jamii ya Kikelti, hakina undugu na Kihungaria, lakini nacho hupenda mkia. "Slán" ni mzima, salama, na ndilo neno la kuagana. Kutoka hapo hupatikana "slánaigh", okoa, kisha "Slánaitheoir", Mwokozi. Kumwita Yesu hivyo ni kumwita mwenye kutufanya wazima. Kanuni ya mapatano ipo pia, ila huitwa ya "pana" (a, o, u) na "nyembamba" (e, i): "bád" ni mashua na "bádóir" mwendesha mashua, lakini "múin", fundisha, hutoa "múinteoir", mwalimu.

Neno lililonisimamisha zaidi ni "szentség". Kwa Mhungaria ni utakatifu, na neno hilohilo ni sakramenti. Ekaristi ni "Oltáriszentség", neno lenye altare na utakatifu ndani yake. Mwayalandi alikopa Kilatini kama sisi, akasema "sacraimint". Basi mtoto wa Kihungaria husikia "takatifu" ndani ya sakramenti bila kuelezwa. Kwetu katekista hana budi kueleza. Mhungaria naye ana mzigo wake: muktadha ndio humwambia kama anazungumziwa utakatifu wa mtu au mojawapo ya sakramenti saba.

Hapa falsafa inabisha hodi. Viambishi vya namna hii hutupa majina ya dhahania, na ni rahisi kudhani kwamba wema ni kitu kilichokaa pembeni ya aliye mwema. Petro ni mwema, lakini Petro siye wema wenyewe. Ameupokea, na anaweza kuupoteza. Kwa Mungu twasema yote mawili. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 13, anafundisha kwamba majina ya dhahania huonyesha kuwa Mungu hana sehemu sehemu, na yale mengine huonyesha kuwa Yeye yupo kweli, amekamilika. Lakini hakuna aina inayomtosha. Ndiyo maana Mhungaria husema "Isten jó", Mungu ni mwema, na pia "Isten maga a jóság", Mungu ndiye wema wenyewe. Mwayalandi ana "maith" na "maitheas", nasi tuna mwema na wema.