Radhi ya Mzazi kwa Mwana Aendaye Ng'ambo Kutumika bila Ujira

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, Jamaa zake na Sahaba zake: darasa hii ni katika mas-ala ambayo zamani hayakuwa yakiulizwa sana, na sasa yaulizwa mabarazani na majumbani. Mtu ana mwana aliyebaleghe, mwenye akili timamu, aliyesomeshwa hata akahitimu, akawa mwalimu au muuguzi. Siku moja mwana huyo huja mbele ya babake akamwambia kuwa amekubaliwa kwenda nchi ya mbali, muda wa miaka miwili, kusomesha au kuuguza watu asiowajua. Na mshahara hana, ila posho ya kumtosha kula na kulala. Mzee yuko Handeni, au yuko Korogwe. Nyumba yake yangoja mabati, na kwa miaka mingi amesema moyoni mwake kuwa huyu akihitimu ndipo atakapopumzika. Je, ni lipi limpasalo baba huyu?

Kabla ya kujibu yapasa kujua jinsi safari inavyofahamiwa katika nchi hii. Mnamo mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Marekani. Aliagiza elfu moja, ikafika mizima 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Na kwa hiyo 62 yakaenea mashamba makubwa ya Bonde la Pangani. Reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, njia ya watu na mizigo ikafunguka. Wakaja watu wa mbali kukata mkonge, kila mmoja na nambari yake, hata wakaitwa manamba. Mtu wa namna hiyo akimaliza mapatano yake alirudi kwao na nguo na fedha, na asiyerudi na kitu alichekwa. Baadaye ikawa zamu ya vijana wa pwani kwenda Maskati na Dubai, nao huleta fedha, na kwa fedha hizo nyumba nyingi zimejengwa. Basi si ajabu kwamba mwenye mwana ng'ambo, akikaa barazani baada ya Alasiri, huulizwa neno moja tu: ameleta nini?

Huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Wengi hudhani ya kuwa kumsaidia mwana wa namna hii ni kumpa ruhusa na nauli, kisha kumuombea dua. Hayo ni mema, walakini si kiini chake. Anayetoa idhini kwa mwana kutumika bila ujira, na yeye pia ameuacha ujira ule. Na sehemu ambayo mwana angeileta nyumbani ameitoa baba, hata kama hakutia mkono mfukoni.

Ama katika sharia, asili ya mlango huu ni khabari mashuhuri ya mtu aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka ruhusa ya kwenda jihadi. Akaulizwa kama wazazi wake wako hai, akajibu kuwa wako hai, naye akaamrishwa afanye bidii yake kwa hao wawili. Na imepokewa ya mwingine aliyekuja kutoa ahadi ya kuhama, hali amewaacha wazazi wake wakilia. Akarudishwa, aende akawachekeshe kama alivyowaliza. Kwa hayo Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, ameeleza katika Minhaji, kitabu kisomwacho sana na Mashafii, kwamba jihadi isiyomlazimu mtu kwa nafsi yake ni haramu kwake pasipo idhini ya wazazi wake Waislamu. Safari ya kutafuta elimu ameitoa katika hukumu hiyo. Na safari ya biashara isiyo na khatari, wanazuoni hawakuitia uzito uo huo.

Kazi ya kujitolea ng'ambo si vita. Hata hivyo ni amali isiyomlazimu mtu kwa nafsi yake, kwani asipokwenda yeye atakwenda mwingine. Na mara nyingine ina khatari ya wazi. Mwaka 2014 maradhi ya Ebola yalipozishika Guinea, Liberia na Sierra Leone, na watu zaidi ya 11,000 wakafa kabla ya kwisha kwake, Umoja wa Afrika ulipeleka mamia ya waganga na wauguzi waliojitolea, wakiwamo wa Ethiopia, Kenya, Uganda na Nigeria. Kila mmoja wao alikuwa na mama au baba au aliyesimama mahali pao, naye alilala usiku wa kuamkia safari akijua mwanawe aendako. Katika safari kama hiyo haifai mwana aseme kuwa yeye ni mtu mzima na shauri ni lake. Idhini ni haki ya mzazi, nayo huombwa kabla ya kutia sahihi, wala si baada ya tikiti kununuliwa. Ama binti, juu ya idhini kuna pia mas-ala ya maharimu, nayo ni darasa mbali. Baba na asikate neno mpaka amuulize mwanachuoni wa mji wake.

Kisha kuna mambo mawili ambayo idhini peke yake haiyaondoi.

La kwanza ni deni. Katika Minhaji, mwenye deni ambalo muda wake umefika haruhusiwi kusafiri bila idhini ya mdai wake. Hapa vijana wengi hujisahau. Aliyesomeshwa chuo kikuu kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ana mdai. Na mdai kuwa serikali hakulifanyi deni kuwa zawadi. Akiwa kazini hukatwa katika mshahara bila ya yeye kufikiri. Akienda ng'ambo kwa posho hakuna wa kumkata, na deni hukaa likimngoja. Baba mwenye busara humuuliza mwanawe jambo hili kabla ya kumuuliza habari za baridi na chakula cha huko. Wakafanye mapatano na wenye fedha, na ikiwezekana baba au ndugu ashike malipo ya miaka ile miwili. Huo nao ni msaada, tena ni mkubwa kuliko nauli.

La pili ni nafaka. Mzazi fukara asiyeweza kujipatia chakula, nafaka yake ni wajibu juu ya mwana mwenye uwezo, na wajibu hautangulizwi na sunna. Mwana wa pekee ambaye babake kipofu anamtegemea yeye, kisha akaenda kuwahudumia vipofu wa watu wengine, amekosa hesabu. Walakini wana wakiwa wengi, na wako sawa kwa ukaribu, nafaka ni juu yao wote. Kwa hivyo yafaa ndugu wakutane, mmoja aseme kuwa fungu la fulani atalichukua yeye hata arudi. Nyumba nyingi zaweza hayo kama zitakaa na kuhesabu magunia ya mahindi na fedha za dawa. Zisipohesabu, hubaki kunung'unika, na manung'uniko ya ndugu huvunja safari kuliko umasikini.

Sasa msomaji na atazame upande wa pili, maana watu wa Handeni na Korogwe wameliona jambo hili mbele ya macho yao na wengi hawakulitambua. Jumuiya ya Waingereza iitwayo Voluntary Service Overseas ilianza mwaka 1958. Peace Corps ya Marekani ikaundwa mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea watu wake, hata kabla ya uhuru wa Disemba mwaka huo. Wajapani wakaanza yao mwaka 1965. Tangu hapo vijana wa kujitolea wamepita katika shule na zahanati za Mkoa wa Tanga, wakisomesha hesabu, sayansi na Kiingereza. Sokoni watu waliwaona weupe wakadhani ni matajiri, wakawapandishia bei ya nyanya. Lakini kijana wa Peace Corps hupewa posho ya kuishi kwa kadiri ya watu wa mahali alipo, na muda wake ni miaka miwili baada ya mafunzo ya miezi michache.

Na huko kwao yuko mzazi. Handeni ni nchi ya ukame. Maji yake huvutwa kwa mabomba kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, na mabomba yakikatika mji hutembea na ndoo. Mama aliye mbali husoma barua ya kwamba binti yake aliyehitimu chuo kikuu ameamka usiku kungoja zamu ya maji. Hujua kuwa wenziwe wa darasa moja wamekwisha pata kazi na kununua magari. Asipomwandikia binti arudi, mama huyo amewafanyia watoto wa Handeni wema ambao hawatamjua kamwe. Si Muislamu, na haijuzu kwa sababu hiyo kuukana wema wake. Mwenye haki hupewa haki yake.

Basi mzee wa Korogwe atoe nini? Kwanza asidai. Hili ni zito kuliko linavyosikika. Simu ya mkononi imeleta desturi ya kuomba kila wiki: shangazi anataka dawa, msikiti una mchango, mbuzi wa Idi amepanda bei. Mwana aliye katika posho akiombwa hivyo hukopa, au hutafuta kazi ya pembeni akaacha aliyoiendea, au huacha kupokea simu ya babake. Na hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwani baba amepoteza fedha na mwana pamoja.

Pili amkinge kwa watu. Barazani atakapoulizwa mwanawe ameleta nini, asijibu kwa haya wala asimsingizie kuwa anaweka akiba. Aseme kuwa amekwenda kusomesha, wala hakwenda kuchuma, na yeye babake ndiye aliyempa ruhusa. Maneno hayo yakitoka kinywani mwa baba mara mbili tatu, baraza hunyamaza. Yakitoka kwa mwana hayasikilizwi.

Tatu ni khabari ya mama wa Sufyani Thauri, mwanachuoni wa Kufa aliyefariki mwaka 161 wa Hijra, sawa na 778. Imepokewa ya kuwa alimwambia mwanawe ashike elimu, naye atamtosheleza kwa uzi anaousokota. Lakini hakuishia hapo. Alimtaka kila akiandika hadithi kumi aitazame nafsi yake, kama imezidi upole na utulivu na heshima. Ikiwa haikuzidi, ajue kuwa elimu ile haimnufaishi. Mwanamke yule alitoa mali, na alichodai badala yake ni hesabu ya tabia. Baba aweza kuuliza hivyo hivyo kwa simu: wanafunzi wako wangapi wamejua kusoma tangu ulipofika? Wagonjwa wanakuitaje? Unaswali na nani? Mwana aulizwaye hayo hujua kuwa nyumbani hakusahauliwa, wala hakugeuzwa mfuko.

Limebaki la kurudisha idhini. Katika Minhaji imo kwamba wazazi au mdai wakiruhusu kisha wakarejea katika neno lao, yampasa msafiri kurudi, ila akiwa amekwisha hudhuria safu ya vita, hapo haondoki akawavunja wenziwe. Kwa kupima kwa hilo, mwalimu aliyebakiza wiki sita kufikia mtihani wa wanafunzi wake, na muuguzi ambaye wodi haina mwingine, yuko karibu na hukumu ya safu. Baba akiugua kweli, na amwite, tena aseme kweli ya ugonjwa wake. Akimwita kwa sababu ya maneno ya watu, amelikata jambo katikati, na madhara yake huangukia wasio na khatia. Mnamo Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya Korona, Peace Corps iliwarudisha watu wake wote makwao kutoka nchi zote, karibu 7,000, katika muda wa siku chache. Waliowahi kusoma kwa walimu wale wajua darasa lililoachwa nusu likoje.

Kwa hivyo baba aliyepima haya huyaandika siku ya kuagana, mbele ya ndugu wawili: ni nani atakayeshika nafaka, deni ni kiasi gani na nani atalipa, na ni udhuru gani utakaomrudisha mwana kabla ya muda wake. Karatasi moja hukaa kwa baba pamoja na hati za shamba, na ya pili hutiwa katika mkoba wa msafiri.