Somo: Kioo Kilichokataa Kuona Uso

Wengi wetu tumekwisha simama mbele ya mashine. Wakati wa kuandikisha wapiga kura mwaka 2005, Wakongomani walipigwa picha na kuweka vidole ili wapate kadi. Makambini pia familia nyingi zimeandikwa hivyo. Mama aliyelima miaka mingi anajua taabu yake: jembe limekula alama za vidole, mashine inakataa, naye anaambiwa akae pembeni angoje. Leo tujifunze juu ya mashine zinazotazama uso, na msanii mmoja aliyezijibu.

Kwanza, kompyuta inaonaje? Haina macho. Kwake picha ni nukta nyingi sana, na kila nukta ni namba inayosema kiasi cha mwanga na rangi. Watu huionyesha maelfu ya picha na kuiambia: hapa pana uso, hapa hapana. Polepole inashika mfano. Mtoto aliyeona mbuzi peke yao, siku ya kukutana na kondoo atamwita mbuzi. Kompyuta ni vivyo hivyo: sura ilizoonyeshwa mara chache itazikosea.

Joy Buolamwini, mwenye wazazi kutoka Ghana, alikuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 2015 alitengeneza kioo cha sanaa. Ukijitazama, kamera inautafuta uso wako, na kioo kinauvika sura nyingine, kwa mfano ya simba, ili uanze siku na nguvu. Kazi nzuri, lakini kamera haikuuona uso wake mweusi. Alipovaa kinyago cheupe cha plastiki, ilimwona mara moja. Fikirini: kinyago kisicho na uhai kilionekana, na mtu mwenyewe hapana.

Hakunyamaza. Alishirikiana na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia aliyepata hifadhi Marekani akiwa kijana kwa sababu ya vita vya Ethiopia na Eritrea. Walikusanya picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Ufini, Aisilandi na Uswidi. Waliziuliza programu za makampuni matatu swali moja tu: huyu ni mwanamume au mwanamke? Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Kwa wanaume weupe, makosa hayakufika hata mmoja kwa mia. Kwa wanawake weusi, programu iliyoshindwa zaidi ilikosea 34.7 kwa mia, yaani zaidi ya mmoja kati ya watatu.

Mwaka huohuo Joy alitoa shairi la video, akionyesha mashine zikiwaita wanaume wanawake mashuhuri kama Oprah Winfrey na Serena Williams. Sisi tunaona shairi hilo lilifanya kazi ambayo hesabu peke yake isingeifanya. Asiyejua kusoma asilimia anaweza kuona mwanamke akivunjiwa heshima.

Uchunguzi wa pili, mwaka 2019, ulionyesha makampuni yale matatu yamepunguza makosa. Tunafurahi, lakini si kabisa. Mashine inayokosea inaweza kumponza asiye na kosa: mwezi wa Januari 2020, karibu na Detroit, mtu mweusi alikamatwa mbele ya familia yake kwa wizi asioufanya, kwa sababu kompyuta ilifananisha sura yake na ya mwizi. Na mashine isiyokosea? Aliyekimbia vita anajua kwamba si kila anayemtafuta anamtakia mema. Orodha ya sura na majina ya watu wa kambi, ikiangukia mikononi mwa wenye silaha, ni hatari hata kama kila jina limeandikwa sawasawa.

Viongozi wa kambi na wazee, tunaomba mlisome somo hili pamoja na familia, akina mama na vijana wakiwepo, kisha mzungumze. Watu walipopigwa picha mara ya mwisho, nani aliwaeleza zinawekwa wapi na nani anaweza kuzitazama? Ni kwa lugha gani? Aliyekataliwa na mashine alipata mtu wa kumsikiliza, au alirudi nyumbani mikono mitupu? Na kama vijana wa kwenu wangetunga wimbo au mchezo juu ya siku ya kuandikishwa, wangemwonyesha nani amesimama pembeni?