Kijana wa Sendai na Ushindi wa Barafuni

Katika nchi za baridi maji ya maziwa huganda, yakawa magumu kama sakafu ya mawe. Watu wa huko huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini ya nyayo, wakateleza juu ya barafu hiyo kwa upesi sana. Siku hizi barafu hutengenezwa kwa mashine ndani ya majumba makubwa, hata watu huweza kucheza wakati wo wote wa mwaka. Mchezaji hodari hufuata muziki, huzunguka kama pia, tena huruka na kugeuka hewani mara tatu au nne kabla ya kutua kwa mguu mmoja. Waamuzi hutazama kila tendo lake na kumpa alama.

Yuzuru Hanyu alizaliwa mwaka 1994 katika mji wa Sendai, nchi ya Japani. Tangu utoto alikuwa na ugonjwa wa pumu, walakini alianza mchezo huo alipokuwa na miaka minne. Tarehe 11 Machi 2011 alikuwa barafuni akijizoeza, mara nchi ikatetemeka kwa nguvu. Akakimbia nje na viatu vyake vya chuma miguuni. Siku ile tetemeko na mawimbi ya bahari yaliua watu zaidi ya 15,000 katika Japani. Hanyu na jamaa zake walilala siku kadha mahali palipokusanyika watu waliokimbia nyumba zao, na jumba lake la barafu likafungwa. Kijana akafikiri kuuacha mchezo. Lakini akaendelea, akajizoeza po pote alipopata barafu, hata mwaka 2014 alishinda wote katika michezo ya Olimpiki iliyofanywa mji wa Sochi, katika Urusi.

Basi mwezi wa Novemba 2017, katika mji wa Osaka, alianguka akijizoeza kuruka, akaumia kano za kifundo cha mguu wa kulia. Huo ndio mguu anaotua nao, na kila atuapo hubeba uzito unaozidi mara kadha uzito wa mwili wake. Michezo ya Olimpiki ya Korea ya Kusini ilikuwa imebaki miezi mitatu tu. Muda wa wiki nyingi hakukanyaga barafu. Watu wengi waliona shaka kama ataweza kushindana.

Mwezi wa Februari 2018 Hanyu alifika Korea, na mguu ungali unauma. Hapo alionyesha busara. Hakujaribu kila mruko aliokuwa akiujua, bali aliacha ile iliyoweza kumwumiza zaidi, akachagua ile ambayo mguu wake ungeistahimili. Siku ya kwanza alicheza vizuri sana, akawatangulia wote. Siku ya pili, tarehe 17 Februari, akaruka na kutua tena na tena. Mwishoni alipepesuka, karibu aanguke, lakini akajizuia. Muziki ulipokoma aliinama, akaushika mguu wake ulioumia.

Wajapani wengi walikuwa wamesafiri kwenda kumtazama. Wakasimama wote, wakapunga bendera, na wengine wakalia machozi. Kisha wakaanza kutupa barafuni dubu wadogo wa kitambaa, kwa kuwa walijua kwamba yeye ampenda dubu wa namna hiyo aitwaye Pooh. Wanasesere wakamwagika kama mvua ya masika. Watoto wateleza-barafu wakaingia upesi kuwaokota, maana wachezaji wengine walikuwa wakingojea zamu yao, na kitu kidogo kilichosahauliwa juu ya barafu chaweza kumwangusha mtu.

Hanyu naye akangoja. Alama zake zote zilikuwa 317.85. Javier Fernandez wa Hispania akapata 305.24. Shoma Uno, Mjapani mwenziwe, akacheza wa mwisho, akapata 306.90. Hapo Hanyu akajua ya kuwa ameshinda, akalia. Tangu Mmarekani Dick Button, aliyeshinda mwaka 1948 na 1952, hapakuwa na mwanamume aliyeshinda Olimpiki mbili mfululizo katika mchezo huo.

Mwezi wa Aprili 2018 mji wa Sendai ulimfanyia maandamano ya furaha. Watu wapata 108,000 walijipanga njiani kumshangilia. Miongoni mwao walikuwako waliokumbuka siku za tetemeko, ambao kijana huyu alikimbia pamoja nao na kulala pamoja nao. Kwa hiyo furaha ile haikuwa ya medali peke yake. Mji uliokuwa umeanguka ulimwona mwanawe amesimama.

Wahenga walisema, Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi mwenye akili huitengeneza kwanza koleo yake, kisha huurudia moto.

MASWALI

1. Kwa nini kuumia mguu wa kulia kulikuwa jambo kubwa kwa Hanyu?
2. Alionyesha busara gani alipochagua miruko yake?
3. Kwa nini ilipasa wanasesere waokotwe upesi?
4. Kwa nini watu wa Sendai walifurahi kupita watu wengine?
5. Eleza maana ya mithali iliyo mwisho wa habari hii.