SOMO: Kutambua mahali pa historia bila kuamsha ugomvi



Vijiji vyetu vingi vina mahali pa kumbukumbu: soko la zamani, makaburi, kivuko cha mto. Kabla ya kutafuta saruji ya kujenga mnara, tujiulize: ni historia ya nani itakayoandikwa pale?

Mfano: Nyangwe

Nyangwe iko kwenye ukingo wa mto Lualaba, katika Maniema. Katika karne ya 19, wafanyabiashara kutoka pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na kituo cha pembe za ndovu na watumwa hapo. Palikuwa na soko kubwa, na wanawake wa ng'ambo zote mbili walileta mazao yao. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki sokoni. Mamia walikufa, wengi wakizama mtoni. David Livingstone aliona, akaandika. Mwaka 1893 majeshi ya mfalme Leopold II yaliiteka Nyangwe, na damu ikamwagika tena.

Leo wajukuu wa walioshambuliwa na wajukuu wa waliofuatana na wafanyabiashara wanaishi pamoja Maniema, wanaoana. Hata Kiswahili chetu kilifika kwa njia ile ile ya biashara. Kibao kikitaja kundi moja tu kama wauaji, mtoto wa leo atadaiwa deni la mwaka 1871. Kibao kikinyamaza, waliokufa watasahauliwa. Ndiyo maana utafiti ni kazi ya amani.

Hatua za kufuata

1. Sikilizeni kila kundi peke yake kwanza: wazee, wanawake, wavuvi, Waislamu, Wakristo. Mwulizeni kila mmoja: «Habari hii uliisikia kwa nani?»

2. Linganisheni masimulizi na maandishi. Maandishi nayo yapimwe. Daftari la Livingstone la 1871 liliposomwa upya kwa picha za kitaalamu na kutangazwa mwaka 2011, lilionekana kutofautiana na kitabu kilichochapishwa 1874.

3. Tembeleeni mahali penyewe. Choreni ramani, pigeni picha. Msichimbe wala kuondoa vigae na shanga. Kitu kikihamishwa hupoteza ushuhuda wake.

4. Ulizeni shamba ni la nani. Kuna watu wanaotumia kaburi la babu kudai mpaka mpya.

5. Someni maneno ya kibao mbele ya wote, kabla ya kuyaandika. Neno linaloumiza litafutiwe lingine, lakini ukweli usifichwe.

Nchi yetu ilitoa sheria ya kulinda mali za utamaduni tarehe 15 Machi 1971. Lakini serikali haiwezi kulinda mahali ambapo wenyeji hawajapaonyesha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni mahali gani kwetu panapokumbukwa kwa namna mbili?
- Ni nani hajawahi kuulizwa habari zake?
- Tungeandika nini pale, ili kila mtoto aweze kukisoma kibao bila aibu?